Vyanzo 17, maksi 8: kisa cha asaimenti ya mtoto wa dada na ile asilimia 2 ya M-Pesa

Jumamosi moja mtoto wa dada yangu kaja nyumbani kanuna. Yuko mwaka wa pili chuo fulani hapa Dar, anasoma mambo ya maendeleo, na kwa kawaida akifika lazima kwanza afunue masufuria, siku hiyo hata jikoni hakuingia, katoa karatasi kwenye begi kaiweka mezani. "Mamdogo, hebu ona huyu lekchara alivyonifanyia." Maksi 8 kati ya 20. Kilichokuwa kinamuuma wala si hiyo 8 peke yake, ni kwamba swali lilitaka vyanzo visivyopungua 8, ye kaweka 17, alafu rafiki yake wa hosteli aliyeweka 9 kapata 14. Kwenye ukurasa wa marejeo mwalimu hakutoa maelezo, kachora tu mstari mrefu pembeni kutoka juu mpaka chini na mwisho wa mstari neno moja: "Umevisoma?"

Nikamuuliza na mimi hivyohivyo. Umevisoma? Akacheka kicheko cha aibu. "Vingine."

Mi nilikaa dawati la maktaba ya chuo miaka sita kabla sijahamia kazi nyingine, hilo swali nimewauliza watu wengi na jibu ni hilohilo, vingine. Nimeona niandike kisa chote kilivyokwenda manake kina karibu kila kosa ninalolijua kwenye kutafuta vyanzo, yote yamekusanyika kwenye ukurasa mmoja na nusu wa marejeo, na wala si uvivu, huyu binti si mvivu hata kidogo, ni kwamba hajawahi kupata mtu wa kukaa naye amwonyeshe. Mwaka wa kwanza walifundishwa wapi inakaa koma na wapi inakaa nukta kwenye marejeo. Kujua kama chanzo chenyewe kinafaa kulipita kwa slaidi moja, anasema, na siku hiyo umeme ulikuwa unakatika.

Swali lenyewe, natafsiri manake asaimenti zetu zinakuja kwa Kiingereza, lilisema: kwa kutumia ushahidi, jadili mchango wa huduma za pesa kwa simu katika kupunguza umaskini Afrika Mashariki. Maneno 2,000, siku kumi. Siku saba zilienda kwenye kusubiri bumu na kwenye diskasheni ya kikundi ambayo hakuna aliyediskasi kitu. Siku ya nane kachukua swali zima, neno kwa neno, kalibandika Google, kafungua vilivyotokea ukurasa wa kwanza na kila kinachoisifia M-Pesa kakichukua. Siku ya tisa akaona bado havitoshi, akaiambia ChatGPT imwongezee marejeo. Usiku wa siku ya tisa kaandika mpaka alfajiri, saa mbili asubuhi yuko steshenari anaprinti.

Tulivyoviorodhesha vile 17 picha ikaanza kuonekana. Vinne ni kurasa za mtandaoni za kampuni zinazouza hizohizo huduma au za washauri wao. Viwili ni tovuti zinazouza asaimenti zilizoandikwa tayari, yaani kanukuu kazi ya mwanafunzi mwenzake asiyemjua wa nchi asiyoijua. Kimoja Wikipedia, kimoja slaidi za mwalimu wa chuo kingine, kimoja habari ya gazeti. Makala tatu za majarida ambazo nitazirudia. Viwili havipo duniani, navyo nitavirudia. Vilivyobaki ni tasnifu ya masta, ripoti ya Benki ya Dunia ambayo kaisoma ule muhtasari wa mwanzo tu, na makala moja ya utafiti yenye uzito, ya Tavneet Suri na William Jack, iliyotoka kwenye jarida la Science Desemba 2016. Hiyo ya mwisho ndo hakuifungua kabisa, majina na mwaka aliyaokota kwenye ile habari ya gazeti.

Sasa sentensi iliyonifanya niweke kikombe chini iko ukurasa wa tatu: utafiti umethibitisha kuwa pesa za simu zimewatoa watu 194,000 kwenye umaskini Afrika Mashariki (Suri na Jack, 2016). Ukiipitia haraka haina shida, ina namba, ina majina, ina mwaka. Nikamwambia toa simu tuitafute makala yenyewe. Muhtasari wake uko wazi kwa yeyote, hulipi, ni aya moja. Na hiyo aya inasema wanakadiria kwamba kufikiwa na M-Pesa kumezitoa kaya 194,000, yaani asilimia 2 ya kaya za Kenya, kwenye umaskini.

Akasoma mara mbili. Kaya zimekuwa watu, Kenya imekuwa Afrika Mashariki, na makadirio yamekuwa uthibitisho. Sentensi moja, mambo matatu yamebadilika, na chini yake kuna majina ya watu ambao hawakusema hivyo. Tukaanza kurudi nyuma kumtafuta mchawi. Gazeti lilikuwa limeandika sawa, familia za Kenya. Moja ya zile kurasa nne ndo ikaandika watu, nyingine ikaandika ukanda mzima, na "umethibitisha" ni ya kwake mwenyewe, aliona inasikika vizuri. Ni kama umbea wa mtaani, unaanzia kwa mtu aliyepaliwa na chai, ukifika mwisho wa mtaa ameshazikwa.

Kuna hesabu ya kitoto ambayo ingemwokoa bila hata kufungua makala. Kama 194,000 ni asilimia 2, basi mia kwa mia ni 9,700,000. Kaya milioni 9.7 hiyo ni Kenya peke yake miaka ile, sensa yao ya 2019 ilikuta kaya kama milioni 12, wastani wa watu 3.9 kila kaya. Kwa hiyo alipoandika watu alipunguza matokeo karibu mara nne, na alipoandika Afrika Mashariki akayatandaza mpaka kwetu na Uganda, sehemu ambazo utafiti ule haukuzigusa. Kosa moja linapunguza, lingine linakuza, ye katikati anadhani ana ushahidi.

Hapo ningeweza kumwambia rekebisha namba twende, lakini nikaona tukae kidogo hapohapo, manake hii makala moja akiielewa ina thamani kuliko zile 16 zingine zikiwekwa pamoja. Nikamwuliza, unadhani walijuaje? "Walilinganisha wanaotumia na wasiotumia." Hapana, na hapo ndo utamu ulipo. Mwaka 2008 mwenye M-Pesa Kenya ni nani? M-Pesa imeanza Machi 2007, haina hata miaka miwili. Ni mtu mwenye simu, ana ndugu mwenye simu, ana hela ya kutuma. Ukimlinganisha na asiyekuwa nayo utakuta ana maisha mazuri zaidi, ndiyo, hayo maisha alikuwa nayo tangu kabla ya M-Pesa. Kwa hiyo hao watafiti wakaangalia mawakala. Walianza na kaya kama 3,000 mwaka 2008, wakawa wanarudi kuzihoji, raundi ya mwisho 2014 zilikuwa zimebaki kama 1,600, na walichopima ni pale ambapo mawakala waliongezeka kwa kasi karibu na nyumba za watu kati ya 2008 na 2010, je, kaya za hapo zilikuwaje kufika 2014 ukilinganisha na pale ambapo mawakala walichelewa kufika. Wakakuta matumizi ya kaya yamepanda, hasa kaya zinazoongozwa na wanawake, na wanakadiria wanawake 185,000 walihama kutoka kilimo kwenda biashara kama kazi yao kuu.

Mtoto kanyamaza. Alafu: "Mamdogo mbona hii ya wanawake na mawakala ndo inavutia kuliko vyote nilivyoandika?" Ndo hivyo. Mwalimu hakumtoa maksi kwa sababu ya koma, kamtoa kwa sababu karatasi nzima haina sehemu hata moja inayoonyesha kwamba anajua namba inatoka wapi.

Twende kwa wale wasiokuwepo. ChatGPT ilimpa marejeo mawili mazuri ajabu, yamepangwa sawasawa, juzuu, toleo, kurasa, mpaka namba ya DOI, ile namba ya utambulisho ya makala mtandaoni. Moja lilisema waandishi ni Jack na Suri, jarida American Economic Review, mwaka 2013. Kichwa kile ukikiweka kwenye Google Scholar, ile Google ya kutafuta makala za kitaaluma, ndani ya alama za kunukuu hakitoki kitu. DOI tuliibandika kwenye doi.org ikatupeleka kwenye makala ya mambo mengine kabisa. Uongo wake umevaa kanzu ya mtu unayemjua, na ndo maana wanafunzi wanaupita bila kushtuka, manake Jack na Suri wapo, jarida lipo, na kweli wameandika humo. Ila walichoandika humo ni cha 2014, kuhusu kaya zinavyostahimili majanga, na matokeo yake ni matamu kuliko ya ile hewa: kaya isiyotumia M-Pesa ikipata pigo la kipato matumizi yake yanashuka kwa karibu asilimia 7, inayotumia haishuki, kwa sababu ndugu na marafiki wanaipelekea hela haraka na kwa gharama ndogo. Kumbuka hapo, kitu cha kweli kilikuwa mlango wa pili.

Mi siikatazi akili mnemba, naitumia kila siku. Iulize wachumi wanaitaje jambo fulani, iombe ikufafanulie jedwali unaloliona mbele yako. Ukiiomba orodha ya nani kaandika nini, kila jina ulihakiki mwenyewe mpaka uione makala kwa macho, na ukishafanya hivyo utagundua ungetafuta mwenyewe ungemaliza mapema.

Zile makala tatu za majarida nazo. Mbili ni majarida ya mchongo, samahani sina neno lingine. Jarida jina lake linaanza na International alafu linaorodhesha fani nne zisizohusiana, ukurasa wa mbele unaahidi makala itakubaliwa ndani ya siku chache, mhariri ana anwani ya Gmail, kuna namba ya ubora ambayo wamejipa wenyewe, na bei ya kuchapisha imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko majina ya wahariri. Lakini hata bila kuangalia hayo yote, fungua makala yenyewe uone. Moja walihoji watu 60 kwenye mji mmoja, wakawauliza je, pesa za simu zimepunguza umaskini, wachague kati ya nakubali sana mpaka sikubali kabisa. Wengi wakachagua nakubali. Hitimisho: pesa za simu zimepunguza umaskini. Hapo hakuna umaskini uliopimwa, hakuna kabla na baada, kuna maoni ya watu 60 tu, tena pengine walihojiwa na mtu aliyesimama jirani na kibanda cha wakala. Na Google Scholar ilizileta zote mbili bila wasiwasi, manake kazi yake ni kukusanya, haichuji, inakuletea jarida kubwa, tasnifu ya mtu na jarida la mchongo kwenye ukurasa mmoja, zimekaa kama abiria wa daladala.

Ya tatu ilikuwa ya jarida la hapa nyumbani, limo kwenye AJOL, ile hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998 na ambayo inaendeshwa kutoka Afrika Kusini, na ilikuwa nzuri tu, ndogo lakini mwandishi anasema wazi alichopima na asichopima. Binti alitaka kuitoa, "hii ni ya Tanzania mamdogo, atasema haina hadhi." Hii tabia inaniudhi kweli. Hilo la nyumbani liache palepale. Mei 2020 The Lancet, jarida ambalo kila mtu analipigia saluti, lilitoa makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine na korona, ikafutwa tarehe 4 Juni, wiki mbili hazijaisha, manake hakuna aliyeweza kuhakiki data zenyewe zilitoka wapi. Jina la jarida linakupunguzia kazi kidogo, halikuondolei.

Tukaanza upya kutafuta, na hapa ndo sehemu ninayotamani ningewahi kuibandika ukutani pale maktaba. Kosa lake la kwanza kabisa lilikuwa kutafuta kwa maneno ya swali. Swali linasema umaskini, mchango, Afrika Mashariki. Wachumi wanaochunguza haya mambo mara nyingi hata neno umaskini hawaliweki kwenye kichwa cha makala, wanasema consumption, yaani kaya inatumia kiasi gani, au household welfare, yaani hali ya maisha ya kaya, au risk sharing wakimaanisha watu kubebana kwenye shida. Ukiandika mobile money reduces poverty unaletewa wanaokubaliana na sentensi yako, ambao wengi ni wauzaji. Tukaandika "mobile money" ndani ya alama za kunukuu, pembeni household welfare Uganda, na ya kwanzakwanza ikatoka ya Munyegera na Matsumoto ya 2016 kwenye World Development, kaya 846 za vijijini Uganda, wamezifuatilia raundi mbili. Tukabadilisha nchi, tukaweka Tanzania na risk sharing, ikatoka ya Emma Riley ya 2018 kwenye Journal of Development Economics. Dakika labda kumi na tano, bando la siku halijaisha.

Hiyo ya Riley mi mwenyewe nilifurahi manake inatuhusu. Kachukua data za kaya za Tanzania kaangalia mvua ikiharibika kijijini nini kinatokea. Kaya zinazotumia pesa za simu matumizi yao hayayumbi kama ya wengine, ila wale majirani wa kijiji hichohicho wasiotumia hawapati nafuu yoyote kutokana na wenzao. Yaani hela ikiingia kwenye simu ya jirani inabaki kwa jirani. Ukiweka hiyo sentensi kwenye asaimenti inayouliza kuhusu umaskini, tayari una kitu cha kujadili, sio kusifia.

Alafu nikamfundisha kutafuta mapitio. Kuna makala ambazo kazi yake ni kukusanya tafiti zote za jambo fulani na kusema hii imara, hii dhaifu, hapa hatujui. Janine Aron ana moja ya 2018, World Bank Research Observer, juu ya pesa za simu na uchumi. Ukianza na mapitio unajua ramani kabla hujaanza kutembea. Hilo ningemwambia siku ya kwanza ningekuwa nimeulizwa siku ya kwanza, lakini watoto wa siku hizi wanakuja na karatasi ikishasahihishwa. Na Wikipedia ileile aliyoinukuu ningemwonyesha kazi yake ni nini: soma, shuka mpaka chini, chukua wanaotajwa kule, wasome wao, Wikipedia yenyewe iache ilipo.

Ikaja shida ya kufunguka. Makala nyingine ukibonyeza wanataka dola thelathini na kitu, akanitazama. Usilipe, hakuna mwanafunzi anayepaswa kulipa hiyo hela. Kwenye Google Scholar chini ya kila makala kuna sehemu ya matoleo yote, bonyeza hapo, mara nyingi toleo moja liko kwenye tovuti ya mwandishi au chuo chake likiwa pidiefu kabisa. NBER, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Marekani, inawapa watu wa nchi zinazoendelea karatasi zake bure, kazi ya mwanzo ya Jack na Suri ya 2011 kuhusu uchumi wa M-Pesa iko huko. Vyuo vyetu vingi vimejiunga na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida bure au kwa bei ndogo, na maktaba zetu zina umoja wao, COTUL, unaoshughulikia kupata majarida kwa pamoja, shida ni kwamba nywila iko kwa mkutubi na mkutubi haulizwi. Nakumbuka pale dawatini kuna wiki nzima ilipita nimeulizwa mara mbili nywila ya majarida na mara arobaini nywila ya waifai. Nikampigia mtu ninayemfahamu kwenye maktaba ya chuo chake, akamwelekeza binti jinsi ya kuingia akiwa nje ya chuo, dakika tano. Miaka miwili yuko pale hakujua kama hicho kitu kipo. Kitu kimoja tu cha kuangalia: ukisoma rasimu, nukuu rasimu, manake namba za rasimu na za makala iliyochapishwa zinaweza kutofautiana, na kama umesoma moja ukanukuu nyingine tumerudi palepale pa mstari mrefu wa pembeni.

Sasa palipomchoma kabisa. Nikamwambia rudi kwa Suri na Jack, angalia pale chini idadi ya waliowanukuu, bonyeza, alafu tafuta humohumo ndani kwa neno critique, yaani ukosoaji. Ikatokea makala ya 2019 ya Bateman, Duvendack na Loubere kwenye Review of African Political Economy, imeandikwa mahsusi kuipinga ile ya 2016. Wanasema hesabu haikuangalia biashara ndogo zinazokufa wala zile zinazonyang'anyana wateja walewale, mama mmoja akifungua genge jirani yake anafunga, wanasema madeni ya watu hayakupewa uzito, na wanauliza faida kubwa ya huduma yenyewe inaishia kwa nani, wakikumbusha kwamba Vodafone ya Uingereza ilikuwa mwanahisa mkubwa wa Safaricom, kampuni yenye M-Pesa ya Kenya.

"Mamdogo sasa si inaniharibia? Nikiiweka hii mwalimu ataona hoja yangu imekufa."

Nikacheka mpaka dada yangu akapiga simu kuuliza mwanae anafanywa nini. Hakuna swali la chuo linalosema jadili alafu likataka upande mmoja. Ila sikutaka pia aruke kwenda upande wa pili aseme basi M-Pesa ni wizi, manake hiyo nayo nimeiona sana, mwanafunzi anapata mpinzani anamkumbatia bila kumkagua. Jarida lile lipo tangu 1974, mrengo wake wa kushoto unajulikana na halifichi, waandishi hawakwenda kuhoji kaya nyingine, wanakosoa njia iliyotumika na yaliyoachwa nje. Kwa hiyo wana nguvu sehemu fulani, hasa kwenye biashara zinazokufa, lakini hawana namba mbadala ya kuweka badala ya 194,000. Nikamwambia hayo mawili yaandike hivyohivyo, kwa maneno yako, aya moja. Ilimchukua saa nzima hiyo aya na ndo aya bora kwenye karatasi yote.

Kwenye Tanzania kulikuwa na mambo mawili ya kusafisha. Aliandika huduma ni za gharama nafuu, chanzo ukurasa wa kampuni wa 2012. Binti mwenyewe mwaka 2021 alikuwa sekondari na anakumbuka tozo, ilianza tarehe 15 Julai mwaka huo, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, watu wakarudi kubeba keshi kwenye bahasha, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30 na baadaye ikapunguzwa tena. Unaishi ndani ya jambo alafu unanukuu ukurasa uliolala miaka tisa kabla yake! Na hapo gazeti ndo chanzo sahihi, pamoja na kanuni zenyewe za serikali, maana jambo limetokea tarehe fulani na gazeti liliandika siku hiyo. Watu wanadhani gazeti ni chanzo kibaya siku zote. Ni kibaya kwa kukwambia utafiti umesema nini, kwa kukwambia tozo ilianza lini halina tatizo.

Lingine ni ile FinScope, ile tafiti ya matumizi ya huduma za fedha nchini. Aliandika kwamba wanaotumia huduma rasmi za fedha wamepanda kutoka asilimia 65 mwaka 2017 hadi 76 mwaka 2023, kwa hiyo umaskini umepungua. Namba ni sahihi, FinScope ni chanzo safi ingawa ye aliitoa kwenye ukurasa unaoitaja tu, shida kubwa ni lile "kwa hiyo". Kuwa na laini yenye hela za simu ni jambo moja na kutoka kwenye umaskini ni jambo lingine, amuulize mama ntilie wa pale kituoni anayepokea kwa simu kutwa nzima na jioni anakopa mchele. FinScope ikae, ila ikae kwenye aya ya upatikanaji wa huduma.

Kwenye vile 17 vikabaki vinne: Suri na Jack, ile ya jarida la nyumbani, ripoti ya Benki ya Dunia ambayo safari hii alisoma sura mbili zinazomhusu, na tasnifu ya masta, ambayo hakuitumia kwa matokeo yake sana ila marejeo yake yalimpeleka kwenye vitu vingine. Wapya wakaingia Jack na Suri wa 2014, Uganda, Riley, Aron, wale wapinzani wa 2019, FinScope yenyewe badala ya ukurasa uliokuwa unaitaja, na kanuni za tozo. Jumla 11. Mwalimu kwa bahati alikuwa ametoa nafasi ya kurudisha upya kwa walio chini ya 10, kwa sharti kwamba maksi haziwezi kuzidi 15.

Kapata 14. Karatasi ilivyorudi akanitumia picha WhatsApp, safari hii hakuna mstari mrefu pembeni. Ila pale kwenye kaya 194,000 mwalimu kazungushia duara na kuandika "kuongeza au kupunguza ngapi?" Binti anauliza mamdogo hii ina maana gani tena, si nimeandika kama walivyosema. Nikamwambia fungua makala, achana na muhtasari, nenda kwenye jedwali la matokeo uangalie zile namba ndogo zilizo kwenye mabano, ndo zinakwambia makadirio yanaweza kuyumba kiasi gani. Kanijibu na emoji ya kulia, alafu baada ya kama dakika ishirini kanitumia picha ya jedwali lenyewe, kalikuza, kidole kiko juu ya mabano.